Mwongozo wa Kuumaliza Mgongo Mapema

Mfanyakazi wa majani chai anayetaka kuumaliza mgongo wake mapema, iwe Kericho au Bomet, na azishike hatua hizi. Anayeupenda azifuate kinyume.

1. Inama, ubaki umeinama. Majani mawili na chipukizi huchunwa mtu akiwa ameinamia michai, kikapu mgongoni kikizidi uzito. Kano za uti wa mgongo zikivutwa kwa muda mrefu hulegea, na hazikazi mara moja. Basi ukitoka mstarini, nyanyua mzigo papo hapo bila kujinyoosha, maana wakati huo ndipo mgongo hauna ulinzi.

2. Usipumzike. Malipo ni kwa kilo. Mizani ya karani haihesabu dakika za kunyoosha kiuno. Wachunaji waliofanya kazi na kampuni ya James Finlay huko Kericho walipeleka malalamiko yao ya migongo hadi mahakama ya Court of Session mjini Edinburgh, na mwaka 2022 mahakama ikawaruhusu kushtaki kwa pamoja. Kampuni iliipinga kesi hiyo.

3. Jivunie wembamba. Kitambi huvuta mwili mbele na kuichosha misuli ya kiuno, kwa hiyo wanene huumwa zaidi. Lakini wembamba si kinga: misuli dhaifu huumia hata kwa mtu wa kilo 50.

4. Ukiumwa, lala wiki nzima. Kitanda hukaza mgongo na kudhoofisha misuli. Maumivu ya kawaida hupoa upesi kwa anayetembea taratibu. Ila ukifa ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia mkojo au miguu ikiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

5. Usijipime. Kipimo chenyewe ni hiki: simama wima. Mtu akuchoree alama ya kalamu katikati ya vile vishimo viwili vya kiunoni, na nyingine sentimita 10 juu yake. Inama bila kukunja magoti. Kwa mgongo mwepesi, futi ya fundi cherehani kati ya alama hizo itasoma sentimita 15 hivi. Isipofika, usiogope, maana kuna migongo migumu isiyouma na mingine laini inayouma. Lakini ukiwa na maumivu pia, mweleze daktari.

Mchunaji hawezi kuyageuza haya yote peke yake. Wenye mashamba waruhusu kikapu kimwagwe kikiwa nusu, na muda wa kujinyoosha ulipwe kama muda wa kuchuna.