Jinsi ya Kumwachia Mungu Bila Kumwachia Chochote

Siku barua ya kupunguzwa kazini inapokufikia, au mwenye nyumba anapogonga kusema kijana wake anaoa na vyumba vinahitajika, tangaza mapema: "Mimi nimemwachia Mungu." Tangaza kwenye grupu la ukoo, la jumuiya na la mliosoma pamoja sekondari. Kauli hii ina faida zake. Watu hawatakuuliza tena una mpango gani, nawe hutalazimika kuwa nao.

Ukishamwachia, mpangie ratiba. Mwambie kazi unayoitaka, mtaa utakaoishi, mshahara uanzie wapi, na yote yakamilike kabla ya ada za Januari. Yakitokea hivyo, yaite majibu. Yakitokea vingine, yaite majaribu.

Halafu omba ishara. Mwalimu wetu hapa ni Gideoni wa kitabu cha Waamuzi. Alianika ngozi ya kondoo kwenye kiwanja cha kupuria, akaomba asubuhi ngozi iwe imelowa umande na ardhi iwe kavu. Akapata, tena akakamua bakuli zima la maji. Hakuridhika, akageuza swali, ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Akapata tena. Mwongozo huu unakushauri ufunge Biblia hapo hapo, mwisho wa sura ya 6, kwa sababu sura ya 7 haiwafai watu wenye presha. Gideoni ana jeshi la watu 32,000, na Mungu anaona ni wengi mno. Wenye hofu waruhusiwe kurudi nyumbani: 22,000 wanaaga bila aibu. Waliobaki wanapelekwa majini, wanachujwa kwa jinsi wanavyokunywa, na mwisho wanasalia 300. Hao nao wanakwenda kuvamia kambi usiku wakiwa wameshika tarumbeta na mitungi yenye mienge ndani. Na wewe ulitaka tu kujua kama uhamie Dodoma.

Ishara ikikawia, kagua milango. Mahubiri mengi ya siku hizi yanasema mlango ukifunguka, basi ni Mungu. Ukiwa na watu wa namna hiyo, usimtaje Yona. Yeye alitumwa Ninawi, akateremkia Yafa, akakuta meli inaondoka kwenda Tarshishi, upande mwingine kabisa. Nafasi ipo, nauli anayo, na usingizi humo ndani ukawa mtamu hata dhoruba haikumwamsha. Kila mlango ulimfungukia, ukiwemo mdomo wa samaki. Angekuwa na simu, angeshatuma ushuhuda kabla nanga haijang'olewa.

Washauri nao ni muhimu, ila wachague. Shangazi akisema, "Mwanangu, hicho kiinua mgongo usikitie chote kwenye biashara ya huyo rafiki yako, hata daftari la mauzo hana," mjibu kwa heshima: "Shangazi, nimeiombea." Mjadala umekwisha. Nani atabishana na Mungu? Kwamba Mungu mwenyewe hakuulizwa, aliarifiwa tu, hilo libaki kati yenu wawili.

Jihadhari hasa na mfano wa Yusufu. Ameuzwa na ndugu zake, amesingiziwa, yuko gerezani Misri kwa kosa ambalo hakulitenda, na hakuna mahali kitabu kinaposema alipewa ishara humo ndani. Asubuhi moja anawatazama wafungwa wawili aliopewa kuwahudumia, anawauliza mbona nyuso zenu zimekunjamana leo. Mtu wa hali ile ndiye anayeuliza wenzake wana nini! Mmoja wao anatoka, anarudi kumnywesha Farao divai, anamsahau. Miaka miwili mizima. Mtindo huu hatuupendekezi. Ukianza kuangalia nyuso za watu wengine, utapata wapi muda wa kufuatilia ishara zako?

Inawezekana, baada ya hayo yote, moyoni likabaki jambo lile lile dogo lisilopendeza: mpigie mdogo wako mliyenuniana naye tangu msiba wa baba, kachukue ile kazi iliyo chini ya cheo chako, nenda hospitali ukapime. Usilitilie maanani, ni uchovu tu. Funga tena siku tatu, na safari hii uombe jibu lililo wazi.