Namna ya Kuficha Uzio Mbovu Kabla Wakwe Hawajafika

Ndugu yangu, uzio wako umelala. Fito za mikaratusi zimeoza miguuni, misumari imechungulia nje, na upande wa choo mbuzi wameshajifungulia mlango. Kuutengeneza ni kazi ya siku kadhaa na pesa ya mbao. Usitengeneze. Panda mmea wa kutambaa wenye maua, ufunike aibu, na watu wakisifu bustani yako pokea sifa kwa unyenyekevu. Fuata maelekezo haya, wala usimshirikishe jirani mwenye bidii. Atakuja na nyundo akuharibie mpango.

Kwanza: anza na tarehe.

Mkulima wa kweli huanza na udongo. Wewe anza na siku ya mgeni, kisha uhesabu kurudi nyuma. Wakwe wanakuja lini kuzungumzia mahari? Mkubwa wa mradi anapanda lini kutoka Goma na kamera yake? Mwaka ukibaki, unaweza kuchagua. Miezi miwili ikibaki, una maharagwe tu. Zikibaki wiki mbili, anika mablanketi yote juu ya uzio na useme leo mmefua.

Pili: jiulize kama uko juu au chini.

Milima ya Masisi inapita mita 2,000, na usiku wake unajua kuuma. Walikale kituoni uko chini ya mita 1,000, msituni, kwenye joto na mvua isiyojua likizo. Mmea unaocheka Mushaki, huko Masisi, unaweza kununa Walikale, na asiyejua hilo hulaumu wachawi.

Chukua marakuja. Ya zambarau inapenda baridi ya juu, tena inajichavusha yenyewe, tabia ambayo mtu mvivu hana budi kuiheshimu. Ya njano inapenda joto la chini, lakini ina maringo: haikubali chavua yake. Inabidi upande miche miwili isiyotoka kwenye mama mmoja, halafu usubiri wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Watakuja. Watachavusha maua, kisha watahamia kwenye nguzo zako na kuzitoboa. Uzio utaanguka, lakini utaanguka na matunda.

Sasa sikiliza siri ya marakuja, maana hapa ndipo unapowanasa wakwe. Wamisionari wa Kihispania walipoliona ua la jamii hii kule Amerika ya Kusini walilisoma kama katekisimu. Nyuzi zilizozunguka katikati waliziita taji la miiba. Vichwa vitano vya chavua ni majeraha matano, na vile vitatu vya juu ni misumari. Petali na wenzake, jumla kumi, ni mitume. Mbona kumi? Petro alikana na Yuda alisaliti, wote wawili wakaachwa nje. Somo hili likisimuliwa polepole, kwa kidole, humaliza chai nzima, na hakuna Mkristo atakayegeuka kutazama nguzo wakati unataja misumari.

Kuna tatizo dogo. Ua la marakuja ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya saa sita mchana, na wakwe hawajawahi kufika kabla ya saa tisa. Ya njano ndiyo hufunguka adhuhuri na kukaa wazi hadi usiku. Kwa hiyo mkazi wa Walikale ana bahati. Wewe wa Masisi waalike wakwe misa ya kwanza, uwapitishe kwako wakiwa bado na njaa.

Tatu: bugenvilea waachie mapadri.

Najua unaitaka. Umeiona misheni, imewaka kama moto wa nyasi, ukaota nayo. Ni mmea wa Brazili. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767 na kuuita kwa jina la mkuu wa safari yake, Bougainville. Msaidizi wake, Jeanne Baret, alikuwa mwanamke aliyepanda meli kwa mavazi ya kiume, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Mmea wenyewe ni wa ukoo huohuo wa kujificha: ile rangi unayoisifu ni ya majani, na maua ya kweli ni vile vidude vyeupe vilivyomo ndani.

Kwa tabia ungeelewana nao vizuri. Shida ni kwamba unachanua ukionjeshwa kiu, na udongo ukiwa mnono, na mvua ikinyesha kila siku, unakupa majani na miiba tu. Kiu ya aina hiyo utaitoa wapi Walikale?

Nne: maharagwe, silaha ya watu wenye haraka.

Maharagwe ya kupanda juu yameshashinda milima yetu, kwa sababu ardhi imebanana na mmea unaopanda juu huzaa kuliko ule mfupi. Ndani ya miezi miwili hivi yanakupa maua meupe, ya waridi au ya zambarau, kutegemea mbegu. Fito usinunue. Ngoja jirani avune, umsaidie "kusafisha" shamba, uzipakie kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Mama mkwe akishangaa, mwambie wewe ni mtu wa kupenda uzuri lakini hupotezi ardhi. Atakupenda mara mbili, na majani mateke atayachuma mwenyewe kwa ajili ya mboga.

Baada ya miezi minne hivi yatakauka na uzio utaonekana tena. Usijali, mahari itakuwa imeshakubaliwa.

Tano: la bure kabisa.

Tembea kandokando ya barabara utafute ua la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi katikati. Wataalamu huliita Thunbergia alata. Ni la kwetu, Afrika ya Mashariki. Mama zetu huling'oa kwa jembe bila hata kulitazama, wakati Ulaya watu hununua mbegu zake kwenye pakiti na kuzipanda chunguni. Hamisha miche mitatu jioni, kiza kikiingia. Ukiulizwa ulikolitoa, sema hata Ulaya linauzwa. Hapo hujasema uongo, na muulizaji atamaliza mengine mwenyewe.

Sita: usipande cha kukaa sana.

Msomaji wa Nairobi atauliza kwa nini siutaji hata mmoja wa ile mimea inayotaka miaka kumi ipendeze. Aje aulize Masisi. Huku mtu hajiulizi mmea utaishi miaka mingapi, anajiuliza kama yeye atakuwepo ukichanua. Kambi za waliokimbia vita zilizozunguka Goma zilipofungwa Februari 2025, watu walirudishwa kwenye vilima vyao, na kuna waliokuta kazi imeshafanyika: mimea imepanda uzio, imepita dirishani, imefika kitandani. Kufunika kwa namna ile mimi siwezi kufundisha.

Kwa hiyo tafuta maharagwe mara mbili ya unayohitaji. Nusu panda mvua ya Septemba ikirudi. Nusu kausha vizuri, funga kwenye kitambaa, uweke pamoja na kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto, karibu na mlango. Na kwenye kizuizi wakikuuliza umebeba nini, sema ni chakula. Ukisema ni maua hawataamini.