Fremu Kwanza, Gari Baadaye

Kila soko kati ya Embu na Chuka lina kijana wake ambaye simu yake imejaa picha za magari asiyoweza kuyanunua. Karurumo, mbele kidogo ya Runyenjes ukielekea Meru, yupo pia. Jina lake halitajwi hapa, kwanza kwa sababu wa aina yake ni wengi, pili kwa sababu mama zao husoma magazeti. Msimu wa makadamia huzunguka mashambani akinunua kokwa na kuwauzia madalali. Msimu ukiisha, huwaza. Katika kuwaza huko ndiko alikokutana na hotirodi.

Asiyeijua aichukulie hivi: ni Ford la zamani la Marekani lililovuliwa kila kisichosaidia kukimbia. Madigadi nje, boneti nje, paa limekatwa na kushushwa mpaka dereva mrefu huendesha akiwa ameinamisha shingo, na injini imeachwa kifua wazi. Mchezo huu ulikomaa kusini mwa California miaka ya 1930 na 1940. Vijana walinunua kwa bei ya kutupa magari ya Ford Model T, aina iliyotengenezwa kati ya 1908 na 1927 hadi ikafika milioni 15, wakayapeleka Muroc na El Mirage, maziwa yaliyokauka maji yakabaki uwanja mgumu usio na jiwe wala ng'ombe. Huko walishindana hadi mafuta yaishe. Mwaka 1932 Ford ikatoa injini ya silinda nane ambayo mtu wa kawaida aliweza kuimudu, yenye nguvu za farasi 65, na wazimu ukapata lishe. Gazeti la Hot Rod lilianza 1948, na 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA kilichowapa vijana hao pahali pa kushindania mbali na barabara za watu.

Siku hizi si lazima umfumanie Ford wa 1932 amelala kichakani. Viwanda vya Marekani huuza fremu mpya iliyokatwa kwa vipimo vile vile vya zamani: reli mbili ndefu, vyuma vya kuzishika katikati, vishikio vya injini, na ukiongeza pesa, ekseli ya mbele na springi zake. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 106, karibu mita 2.7. Kijana alitazama picha ya fremu hiyo, akaona vyuma visivyozidi idadi ya vidole vyake, akasema moyoni: hii naiweza.

Hapo ndipo ubaya wa fremu ulipo. Ni sehemu ya gari inayoeleweka kwa macho. Haina waya, haina pampu, haina kitu kinachovuja. Mtu akiiangalia huona gari lililobakiza kidogo tu, kumbe kilichobaki ni gari lenyewe.

Shosho yake, aliyekuwa akichambua maharagwe, alipewa simu aone. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

“Na hii itabeba nini?”

“Itanibeba mimi, shosho. Na mtu mmoja.”

“Huyo mmoja atawekewa wapi ndizi zake?”

Swali hilo limeua uvumbuzi mwingi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na mwandishi huyu haoni kosa lake. Katika sehemu hizi gari hupimwa kwa magunia. Toyota Probox, iliyoundwa Japani kwa ajili ya watu watano na mizigo ya ofisini, hapa hubeba familia, mbuzi, na abiria aliyekalia kiti kimoja na dereva, na bado mwenye gari hulalamika kwamba biashara ni mbaya. Kuleta gari la viti viwili lisilo na buti ni kama kuja harusini na sahani yako.

Hata hivyo, haki itendeke: kuanza na fremu tupu si jambo geni Kenya. Enzi za ukoloni, magari mengi yaliletwa yakiwa chasisi na injini tu, na mafundi wa hapa wakayajengea bodi za mbao zilizoitwa “box body”, zikapanda matope hadi mashambani. Na mabasi tunayoyapanda leo, yale yenye picha za wanasoka na muziki wa kupasua meno, mengi yalianza hivyo hivyo. Aliyesafiri sana barabara kuu ya Mombasa amewahi kumwona dereva anayepeleka chasisi kwa wajenzi wa bodi: hana mlango, hana kioo, hana paa, amevaa helmeti na jaketi zito, anakula upepo na wadudu huku lori la nyuma likimpigia honi. Kwa sura, ile ndiyo hotirodi safi kuliko zote. Tofauti ni kwamba yule dereva analipwa, na mwisho wa safari bodi itajengwa kwa kufuata kiwango cha Kenya cha KS 372, chenye maelezo mengi kuliko yote ambayo kijana amewahi kusoma kwa hiari.

Na kama ni kasi, Karurumo haina haja ya kufundishwa na California. Barabara ya Meru hupita hapo, na magari ya miraa kutoka vilima vya Nyambene huipita barabara hiyo. Jani la miraa hupoteza nguvu zake siku mbili hivi baada ya kuchumwa, kwa hiyo Hilux inayolipeleka Nairobi haiendeshwi, hurushwa. Springi zimeongezwa majani, injini imetunzwa kuliko mwenyewe, na kila mama mwenye kibanda kando ya lami huijua sauti yake kabla haijatokea konani, akamvuta mtoto kwa shati. Vijana wa Muroc wangeielewa Hilux hiyo mara moja. Na ukimuuliza shosho inabeba nini, analo jibu.

Hesabu ya kwanza ya kijana ilihusu bandari. Sheria za Kenya hazitaki gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na zinataka usukani uwe kulia. Ford la 1932 limepitiliza umri huo kwa zaidi ya miaka 80. Fremu mpya haina umri, sawa, lakini vishikio vyake vimechomelewa kwa usukani wa kushoto, na ukiuhamisha kulia unakutana na mambo mengine yaliyokwisha kukaa pale kwa amani: ekzosi, stata, mguu wa dereva. Kisha kuna forodha. Kanuni ya kimataifa ya kuainisha bidhaa husema kitu kilicholetwa kikiwa vipande huhesabiwa kuwa kizima, mradi vipande vyenyewe vimebeba sura muhimu ya kile kizima. Ukileta vipande vingi, utatozwa kama mwenye gari. Ukileta vichache, huna gari. Katikati ya hayo mawili kuna uwazi mwembamba, na ndani yake amekaa wakala wa forodha na kikokotoo chake.

Basi fremu itachomelewa hapa hapa.

Vyuma vya mraba huuzwa kwa urefu wa mita 6. Lori la kuvisafirisha kutoka Runyenjes lilikuwa na bei ya kumfedhehesha mtu, kwa hiyo ikaitwa bodaboda. Mpango ulikuwa rahisi: abiria akae nyuma, chuma kimlalie begani, ncha ya mbele impite dereva sikioni, ncha ya nyuma ifuate tu. Kwenye barabara iliyonyooka, mpango uliheshimika. Kwenye kona, ncha ya nyuma ilikumbuka kwamba nayo ina mwendo wake. Ilipita juu ya meza ya nyanya kama mkono wa mtu anayefuta ubao, ikauchukua mwavuli wa mwenye meza, ikaenda nao hatua kadhaa. Nyanya zililipwa. Mwavuli ulilipwa. Dereva wa boda akadai fidia ya sikio.

Fundi wa kuchomelea alimsikiliza kijana mpaka mwisho, akiwa amepandisha miwani yake kwenye paji la uso.

“Fundi, nataka fremu ya gari.”

“Gari gani?”

“Ford ya 1932.”

“Iko wapi tuipime?”

“Haipo. Tunaanza na fremu.”

Fundi akazima mashine, jambo asilolifanya ovyo kwa sababu stima ikiwepo ni ya kutumiwa. “Sikiza, kijana yangu. Mimi natengeneza geti. Geti likipinda, mwenye nyumba huliinua kidogo akifunga, maisha yanaendelea. Hii yako ikipinda utaiinua na nini, na uko mteremkoni?”

Alikuwa na haki kuliko alivyojua. Chuma kikichomelewa hupanuka, kikipoa hujikunja kuelekea upande wa mshono. Ndiyo maana wajenzi wa chasisi hufunga vyuma kwenye meza nzito iliyonyooka, hubandika nukta ndogo ndogo kwanza, kisha huruka kutoka kona hii hadi ile ya mkabala ili joto lisilundikane upande mmoja. Baada ya kila hatua hupima kutoka kona hadi kona, mshazari wa kwanza na wa pili. Visipolingana, fremu si mstatili tena, na gari litakalokaa juu yake litakwenda upande upande huku dereva akiapa kwamba usukani ameunyoosha. Fundi wa geti hupima mshazari pia, lakini kwake sentimita moja ni mjadala. Kwa chasisi sentimita moja ni hukumu.

Kulikuwa na jingine. Ili kupunguza gharama, kijana alileta mabomba ya maji yaliyokwisha kutumika ili yawe vyuma vya katikati. Mabomba hayo yamepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa na baridi usiku huo. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua, ingawa kinga ya kweli ni kuikwangua zinki kwanza na kufanya kazi penye hewa. Fundi akaagiza pakiti mbili kwa gharama ya mteja, akazinywa, kisha akakataa kazi.

Tuseme angekubali. Aprili ingefika. Hotirodi ilivuliwa madigadi kwa sababu mahali ilipozaliwa ardhi ilikuwa kavu kama ubao. Udongo mwekundu wa Embu wakati wa masika hauko hivyo. Tairi la mbele lisilofunikwa huuchota na kuurusha juu, na juu hapo, kwa mujibu wa fremu ile, amekaa kijana bila kioo. Baada ya kilomita moja angekuwa anaendesha kwa kumbukumbu.

Na breki. Ford la 1932 lilisimamishwa kwa vyuma vilivyounganishwa na pedali, na kampuni hiyo haikuhamia breki za mafuta hadi magari ya 1939, ndiyo maana wajenzi wa hotirodi wa zamani walizisaka breki za 1939 kama dhahabu. Barabara ya kutoka Karurumo huteremka hadi mto Thuci, ikapanda, ikateremka tena, na mbele ya Chuka liko daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30. Hapo hakuna cha kuchekesha. Mtu anayejenga gari aanze na kitu cha kulisimamisha.

Wakubwa zaidi wamejaribu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa Kasarani, yenye uwezo wa kilomita 120 kwa saa. Yalikimbia kweli. Kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi ndicho kilichokosa pesa. Baadaye Mobius ikaja na gari lililojengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma, hasa kwa ajili ya barabara mbovu, na Agosti 2024 ikatangaza kufunga, kabla ya mnunuzi kujitokeza. Katika yote mawili, fremu haikuwa tatizo.

Aliyewapiku wote kwa ujanja ni Joginder Singh. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari lenye mgongo wa duara uliochorwa kwa kuiga Wamarekani wa miaka ya 1940. Hakuunda fremu. Alichukua gari lililokuwepo akalifahamu hadi msumari wa mwisho.

Ushauri huo ndio uliomfikia kijana mwishowe, kutoka kwa fundi yule yule. Nyuma ya posho mill iko Hilux ya zamani iliyooza bodi. Chini ya ile kutu kuna chasisi ya ngazi, imara na imenyooka, yenye ekseli, difu, breki za mafuta na usukani wa kulia, na juu yake wamelala kuku. Bodi ikikatwa, nusu ya hotirodi tayari imesimama. Mabadiliko ya umbo yataandikishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima itakatwa kama Sura ya 405 ya sheria za Kenya inavyotaka. Wakala wa bima alipoulizwa, alitembeza kidole kwenye orodha yake hadi herufi H.

“Hotirodi sioni. Nikuandikie Hino?”

“Hino ni lori.”

“Sawa, lakini lete logbuku tuone.”

Logbuku ya Hilux bado iko kwa jina la mmiliki wa kwanza, aliyeiuza bila kuibadilisha na kisha akafariki. Watoto wake wawili wanaopaswa kuweka sahihi hawasalimiani. Kikao kimepangwa baada ya kuvuna kahawa, na wa kwanza kuthibitisha kwamba atakuja ni mwenye kuku.