Kitambaa na Kifaa

Jumatatu. Nimefika kituoni, huku kaskazini mwa Oklahoma, kabla hakujapambazuka. Kifaa chetu cha kupima maji ya hewani kinasema kuna wingu zito juu yetu. Juu yetu kuna nyota. Feni ya kukausha utando unaokifunika imezimika usiku, umande umeshika. Kifaa hiki hakitoi mawimbi, kinasikiliza tu mikrowevu hafifu zinazotoka hewani: karibu na gigahezi 22 husikia zaidi mvuke, na gigahezi 31 maji ya mawingu. Matone yakikaa juu ya utando, kifaa huyahesabu nayo kuwa wingu. Nimeyafuta kwa kitambaa laini. Wingu limeondoka.

Jumanne. Siku ya kukisawazisha kifaa kwa nitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi umefika nusu, nyingine imevukiza njiani. Haitoshi kujaza kisanduku cha kulinganishia. Imeniuma. Wingu jembamba mara nyingi halifikishi gramu 100 za maji kwa kila mita ya mraba, na kifaa cha masafa mawili huweza kukosea gramu 20 hadi 30. Kisiposawazishwa, mawingu hayo ndiyo yanayopotea kwanza, ilhali yanabadilisha mno mwanga wa jua unaofika chini.

Jumatano. Tumejaribu kukisawazisha kwa njia ya kuinamisha. Kifaa hutazama utosini, kisha nyuzi 30 juu ya upeo, ambako hewa ya kupenya ni maradufu. Anga lazima liwe sawa pande zote. Saa nne kikaja kiwingu kimoja magharibi, kikatulia. Tumekingoja mpaka saa tisa.

Alhamisi. Puto la kupimia hewa la saa tano na nusu limeburuta sensa hadi kwenye uzio wa ng'ombe. Kuinasua kumenichania suruali. Puto la pili limepaa vizuri: milimita 24 za mvuke. Kifaa: 25. Nimefurahi sana. Mvuke wote ulio juu ya kichwa changu, ukigeuka maji, haufiki kina cha vidole viwili, na dhoruba za nyanda hizi hulishwa na huo pamoja na ule unaosukumwa na upepo kutoka Ghuba ya Meksiko.

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri. Utando umelowa, vipimo havifai. Nimeshinda ndani nikitia alama kila dakika ya mvua, mtu asije akaziamini takwimu zake. Saa kumi na moja mvua imekatika. Nimechukua kitambaa, nimetoka.