Kiuno Changu, Mali ya Umma

Ukiumwa jino, watu watakupa pole na kukuacha na jino lako. Umwa kiuno uone. Tangu hiki changu kianze mgomo, kila ninayekutana naye hapa Tabata ana tiba. Shemeji kaniletea mkanda wa kubana tumbo. Jirani kaja na mafuta ya simba, ambayo kwa harufu ile nadhani simba mwenyewe aliyakimbia. Na yule kijana anayepita na spika begani anauza chupa moja inayotibu kiuno, gesi na nguvu za kiume, halafu anatangaza huku akinitazama mimi. Nisiponunua, watu wananisikitikia. Nikinunua, wanacheka.

Maumivu yakipita miezi mitatu wataalamu huyaita sugu. Yangu yalishapita siku nyingi, ndipo mke wangu akanipeleka hospitali, kitengo cha fiziotherapia. Nilikwenda na matumaini mazuri. Sindano ningeikubali. Cheti cha kupumzika ningekipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba," akasema binti anayelingana na kitinda mimba wangu. Akauliza kama nina ganzi, kama nina homa, kama nimekonda, na kama mkojo naweza kuuzuia. Hilo la mwisho kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabenchi. Nilinuna, ingawa ndiyo maswali yenyewe: aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo hatandikiwi mkeka, anakimbizwa kwa daktari siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa salama. Hata eksirei hakutaka, na hela yake nilikuwa nayo mfukoni.

Basi akatandika mkeka. Nilale chali, nikunje magoti, ninyanyue makalio, nishushe taratibu. Nikishamaliza hilo, nipige magoti, viganja chini, ninyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, nisiyumbe. Zoezi hili nilipolifanya nyumbani, mjukuu alinipanda mgongoni akasema twende.

"Baba, ukilala sana misuli inalegea na mwili unazidi kuogopa," alinieleza. "Ukisikia panauma kidogo, haina maana kwamba kuna kitu kimevunjika."

"Na mkanda?"

"Vua."

Kumbe hakulitunga yeye. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kiuno sugu: linashauri mazoezi yenye mpangilio, na mikanda hiyo limeikataa pamoja na mashine za kuvuta uti wa mgongo. Shemeji sijamwambia. Bei aliyonunulia ule mkanda Kariakoo bado anaitaja kila tukikutana.

Halafu wakaja Waaustralia. Mwaka 2024 walichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Baadhi yao walipangiwa kutembea, wakiongeza kidogo kidogo kulenga nusu saa, mara tano kwa wiki. Nusu yao walikaa siku 208 au zaidi bila maumivu kurudi. Kwa wasiopangiwa chochote zilikuwa 112. Sibishi. Ila nusu saa yao ni ya kutembea tu. Yangu ni ya kuruka mtaro, kupisha bodaboda iliyopanda njia ya waenda kwa miguu, na kumjibu kila anayeuliza, "Mzee, gari umeuza?"

Lakini hao wote nawasamehe. Tatizo ni mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni akisikiliza. Katika maelezo yote ya yule binti ameshika mawili: kwamba mgongo unataka kazi, na kwamba kuinama hakukatazwi. Sasa nikiguna mbele ya ndoo ya maji, naambiwa, "Mtaalamu kasemaje?" Ufagio wa uwani nao umekuwa dozi, asubuhi na jioni.

Na kinachoniudhi zaidi, kiuno kinapungua kuuma. Si kwa muujiza. Kuna asubuhi bado nashuka kitandani kwa awamu. Ila juzi nimeinama nikafunga kamba za viatu bila kumwita mtu. Nimelinyamazia. Mtungi wa gesi unakaribia kuisha, na duka liko ng'ambo ya barabara.