Sifa za Gugu

Karafuu imesifiwa hata ikaota kiburi, na mpunga wa mabondeni hauna haja ya mtetezi. Lakini gugu, linalotushughulisha Wapemba kutoka vuli hata masika, sijaona aliyelitungia walau ubeti mmoja wa shukurani. Basi mimi, ambaye mgongo wangu unalifahamu gugu kuliko ulimi wangu, nimeona ni dhuluma kunyamaza.

Fadhila yake ya kwanza ni subira. Mbegu ya mchicha pori, nyeusi yenye kung'aa, ndogo kuliko kichwa cha pini, ikifukiwa shubiri moja chini haina akiba ya kuifikisha juu, nayo yajijua. Haifanyi pupa ya kuchipua ikafia njiani, bali hulala ikingoja ishara. Na ishara yenyewe, kwa mbegu nyingi za namna hii, ni nuru: mmweko mfupi wa jua unaoipata pale donge linapopinduliwa waitosha kutambua kwamba mkulima, khadimu wake, amekwisha fika.

Mwaka jana, kwa bidii niliyojisifia mbele ya watu wa nyumbani, nilikatua na kuburuga nusu ya shamba langu la muhogo hata shati likanata mgongoni, na nusu ya pili nikaiacha kwa kuwa adhuhuri ilikwisha ingia. Baada ya mvua mbili nilirudi, nikakuta kule nilikotoka jasho kumetandikwa busati la kijani, vimea vya vikonyo vyekundu vimesongamana hata kidole hakipenyi. Na kule kwenye uvivu wangu udongo u mtupu, isipokuwa sisimizi waliokuwa wakijichukulia mbegu zilizosalia juu. Mpaka wa pande hizo mbili ulinyooka kama mshono wa kanzu, pale pale lilipokoma jembe.

Mwerevu atasema: zizike chini zaidi. Naam, nilizizika, na nilizozizika hazikuniudhi. Ila jembe lile lile lililoziteremsha hizo liliwapandisha dada zao wa miaka ya nyuma, wakatoka wamepumzika vyema. Ndago siitaji sana, maana haina haja na mbegu: ukikata nyuzi zinazofunga viazi vyake chini kwa chini, umekipa kila kiazi uhuru wa kuanzisha ukoo wake.

Kuhusu umri wa mbegu, tuwaachie watu wa Michigan, Marekani, ambako William James Beal alifukia chupa 20 za mbegu za magugu mwaka 1879; moja ilipofukuliwa mwaka 2021, baadhi ya mbegu zilichipua, zaidi ya miaka 140 baadaye, wala hapakuwa na babu wa kuzijulisha nani anatawala. Chupa hiyo ilifukuliwa usiku, ili mwanga usiziamshe kabla ya wakati. Na Wajerumani nao wamekwisha jaribu kulima mashamba gizani, wakaona magugu yamepungua.

Habari hii nilimpelekea jirani yangu, mzee wa makamo aliyelima bonde tangu utoto, nikampendekezea tulime sote usiku wa kiza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatema tambuu, akaniuliza kama nimepata kumwona mtu analima usiku hapa Pemba, na asubuhi yake akaitwa mkulima.