Mbona Tupu Hivi?

Niseme mapema kabisa: kuchora duara ni kazi. Anayebisha achore moja, aliweke mbele ya kamati, halafu tuonane.

Mimi riziki yangu ni nembo, na ninapenda zile zisizo na mbwembwe. Hivi karibuni nilikichorea kikundi kimoja cha kuweka na kukopa huku Temeke. Duara la kijani, ufa mmoja juu, jina chini. Kibubu. Basi. Ukiifinya iwe picha ya WhatsApp inasomeka, ukiidarizi kwenye kofia inasomeka.

Kamati ikaanza. Mama mmoja akasema, "Naona kama haijakaa sawa." Haijakaa sawa wapi, mama? "We iangalie tu." Nikaiangalia. Mwingine akauliza kama ni chungwa. Jirani yake akasema haijachangamka. Sasa nembo inachangamkaje, jamani? Mwenyekiti, mzee wa watu, akaomba kwa upole kabisa niongeze mikono miwili inayoshikana ili umoja uonekane, pembeni Mlima Kilimanjaro, na jembe, maana wazee wetu walilima. Kikundi kizima hakina mwenye hata tuta la mchicha.

Mwekahazina ndiye aliyetoa la moyoni: "Yaani hela yote ile, duara tu? Hata mjukuu wangu angechora."

Hapo ndipo penye kidonda. Nembo watu wanainunua kama nyanya, wanataka fungu lijae na nyongeza juu. Rasimu zangu za mwanzo zilikuwa na sarafu, noti, mpaka kuku anayetaga. Kuviondoa vyote hivyo ndiyo kazi yenyewe niliyolipisha, lakini kuku aliyefutwa utamkatia nani risiti?

Nikajitetea kwa mifano. Nikawaeleza habari za alama ya Nike: ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi, Carolyn Davidson, na Phil Knight mwenye kampuni wala hakuvutiwa nayo sana, aliichukua hivyo hivyo. Leo ipo hadi kwenye ndala za Kariakoo. Mwekahazina akauliza binti alilipwa ngapi. Dola 35, nikasema. Nikamwona anaandika kwenye daftari. Haraka haraka nikaongeza kwamba baadaye kampuni ilimpa hisa, na kwamba mwaka 1986 Steve Jobs alimlipa Paul Rand dola 100,000 kwa nembo ya kampuni yake ya NeXT, tena Rand alikataa kumletea michoro ya kuchagua: nakuchorea moja, uitumie usiitumie, utanilipa. Daftari lilishafungwa.

Katibu, kijana wa mtandaoni, akakumbusha kwamba mwaka 2010 duka la nguo la Gap lilibadilisha nembo, watu wakapiga kelele, ya zamani ikarudishwa hata wiki mbili hazijaisha. Tangu siku hiyo, nadhani, kila mwenye simu anaamini kelele yake ni utaalamu.

Na sisi wachoraji tusijifanye malaika. Kijana wa mtaani kwetu aliniletea nembo ya saluni: "Kaka, nipe ukweli, usinionee haya." Nikampa. Huo mstari wa nywele ni mwembamba mno, mashine ya kudarizi itaushindwa, na kwenye aproni ya msusi utatoka vipande vipande. Akanyamaza. Kisha akanifahamisha kwamba vitu vya kisasa sivielewi. Siku hizi shikamoo yake naisikia kwa mbali, akiwa ameshapita. Mwenzake mmoja alimwekea vimoto vitatu chini ya ile nembo na neno "hatari", na huyo ndiye aliyenunuliwa soda.

Mhakiki ninayemheshimu mimi ni fundi mihuri mmoja wa Kariakoo. Kuipenda nembo yako au kutoipenda ni mambo ambayo hayamhusu. Anaisogeza karibu na macho, anauliza, "Ya kugonga au ya kubandika?" Ya kugonga, nikamjibu. Akaweka ukucha juu ya ule ufa wa kibubu. "Hapa wino utajaa. Panua." Kisha akaniuliza nataka mpini wa mbao au wa plastiki. Mlima hakuutaja.

Ufa nikaupanua. Kamati ikapiga kura, duara likapita, kwa sharti kwamba mikono, mlima na jembe vitawekwa kwenye kalenda ya mwaka mpya, ambayo nayo inaonekana nitaichora mimi. Jioni simu ikalia: muamala kutoka kwa mwekahazina. Nikapiga hesabu, nikarudia. Dola 35 kamili kwa kiwango cha siku hiyo, na ya kutolea hakuweka.